Waliniambia ni mmea wa wavivu, kisha Julai ya Eldoret ikaja

Hebu niambie ukweli. Ukipita kando ya barabara pale wauza maua wanapopanga miche yao, jicho lako huvutwa na maua makubwa ya rangi kali, au huteremka hadi kwenye vile vikopo vya chini kabisa, vyenye vimea vya majani manene kama vidole vya mtoto mchanga? Kama ni vile vya chini, karibu, vuta kiti. Wewe ni mwenzangu, na una shida ambayo bado hujaijua.

Vimea hivyo vinaitwa sukulenti. Mshubiri ni mmoja wao, mpungate pia, na kuna mamia ya wengine ambao majina yao hata muuzaji hayajui. Ukimuuliza jinsi ya kuvitunza atakujibu bila kuinua macho kwenye simu: "Hiyo haisumbui. Unaisahau tu." Nami niliambiwa hivyo hivyo miaka minne iliyopita. Nikalipa shilingi 150, nikapanda boda nikiwa nimekikumbatia kikopo changu kama yai. Nilikuwa nimetoka tu hosteli, masomo nimeyaachia njiani (hiyo ni hadithi ya siku nyingine), na nilitaka kitu kimoja ndani ya keja ambacho hakitaniuliza ninamaliza lini.

Kilikufa baada ya wiki tatu. Nilikuwa nakinywesha maji kila asubuhi kabla ya kunywa chai yangu.

Leo nina mimea 43. Inaishi kwenye kibaraza kisichotosha mtu kulala, kwenye madirisha mawili, na mingine, hapa ndipo kesi ilipoanzia, kwenye ngazi za ploti. Nimeua mingi kufikia hapo. Kwa hivyo usinichukue kama mtaalamu. Nichukue kama mtu aliyezika wengi na akaanza kuuliza kwa nini.

Jambo la kwanza lililonifungua macho ni kwamba mimea hii hufanya kazi zamu ya usiku. Mimea mingi hufungua vitundu vya majani yake mchana ili kuvuta hewa ya kaboni, na hapo hapo maji hupotea kama mvuke. Sukulenti wengi wamekataa hasara hiyo. Mchana wanafunga milango kabisa. Usiku kukipoa wanafungua, wanavuta hewa, wanaihifadhi ndani ya jani ikiwa asidi, kisha jua likichomoza wanaitumia kutengeneza chakula huku milango imefungwa tena. Zamani, mwanzoni mwa karne ya 19, kulikuwa na mtafiti aliyeitwa Benjamin Heyne huko India. Alitafuna jani la mmea wa jamii ya kalanchoe asubuhi akaona ni chachu, akalitafuna tena baadaye mchana, ule uchachu umepungua. Ulimi wake ulikuwa umegundua kitu ambacho maabara zilikuja kukieleza vizuri miaka mingi baadaye. (Wewe usijaribu. Baadhi ya kalanchoe zina sumu, waulize wafugaji.)

Sasa fikiria. Mmea uliojipanga hivyo, unaobania kila tone, wewe unaumwagia maji kila siku. Mizizi inazama, inakosa hewa, inaoza. Na ubaya wa kuoza ni kwamba huoni. Juu mmea unang'aa, umejaa, umenona kama aliyetoka likizo, kumbe chini umekwisha. Siku unapogusa jani likabaki mkononi mwako kama ndizi iliyoiva sana, ni kuchelewa.

Siku hizi natumia kijiti cha mshikaki. Nakichoma hadi chini ya mkebe, nakitoa. Kikija na udongo umekishika, naondoka. Kikija kisafi na kikavu, nanywesha mpaka maji yatoke chini, kisha nasahau. Huko kusahau, bana, ndiko kazi yenyewe. Kuna jioni nimesimama kibarazani na kikombe cha maji mkononi, mimea inanitazama, na ikabidi nimwage maji yale kwenye beseni la nguo.

Shida ni kwamba Eldoret haikuumbwa kwa ajili ya mchezo huu. Tuko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Vitabu na video za watu wa majuu zinazungumza juu ya kiangazi kirefu cha joto. Sisi mvua yetu inaanza Machi ama Aprili na inatuandama hadi Septemba, na Julai na Agosti ni baridi, matope na mawingu yanayokaa siku nzima kama mgeni asiyeaga. Mkebe ulionyeshewa Jumatatu, Jumapili bado ni mbichi. Udongo wetu mwekundu, huu ambao babu zetu wanajivunia kwa mahindi na ngano, kwa sukulenti ni kaburi. Unashika maji kama sponji.

Ilibidi niwe mteja wa mjengo. Niliwaendea mafundi waliokuwa wakijenga karibu nasi nikaomba ndoo moja ya mchanga mnene na nusu ndoo ya kokoto ndogo. Walidhani najenga. Nilipowaambia ni za maua, mmoja alinitazama vile unamtazama mtu aliyekuambia ananunua hewa. Lakini alinipimia, hamsini bob, na tangu hapo mchanganyiko wangu ni huo: kipimo kimoja cha udongo, kimoja cha mchanga, kimoja cha kokoto, na chenga za makaa zilizobaki kwenye gunia. Mikebe ni ile ya mafuta ya kupikia, nimeitoboa chini kwa msumari. Vile vyungu vyeupe vya kauri unavyoviona kwenye picha ni vizuri, sikatai, ila kimoja kinaweza kugharimu kuliko mimea minne, na vingi havina tundu hata moja.

Halafu kuna mvua ya mawe. Unajua mvua ya mawe ya Eldoret, haipigi hodi. Mwaka jana nilikuwa kazini mbingu ikabadilika rangi saa tisa mchana. Nilijua. Nilimpigia simu mama jirani wa chini, nikamsihi: "Mama, tafadhali, nisaidie kuingiza zile za kibarazani." Akasema, "Mwanangu, nguo zangu zenyewe ziko nje." Nilirudi nikapata majani yametobolewa kama yaliyopigwa risasi. Na jani la sukulenti halisahau. Kidonda kinakauka, kovu linabaki hadi siku jani lenyewe litakapoanguka. Ninazo ekeveria mbili ambazo nikizitazama naweza kukuambia tarehe.

Kuna na hili la dirisha. Kila mwongozo kwenye intaneti utakuambia uweke mimea kwenye dirisha linalotazama kusini. Nilihama chumba kwa sababu hiyo, aki. Kumbe ushauri huo ni wa watu wa Ulaya na Marekani, ambao kwao jua hupita upande wa kusini mwaka mzima. Sisi tuko karibu nusu digrii tu kaskazini mwa ikweta. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Septemba jua la adhuhuri linapita upande wetu wa kaskazini, kisha linahamia kusini hadi Machi tena. Yaani dirisha langu la kusini lilikuwa halipati jua katika miezi ile ile ya mvua ambayo mimea ilihitaji kukauka. Ikaanza kujinyoosha, shingo ndefu kama twiga anayetafuta mwanga, rangi imepauka. Ukitafuta keja na una ugonjwa huu wangu, achana na kusini na kaskazini. Tafuta mashariki, jua la asubuhi, na paa lililotokeza kidogo.

Lakini nisije nikakutisha bure, kwa sababu kuna kitu Eldoret inatupa ambacho rafiki yangu wa Mombasa hakipati hata alipe. Usiku wetu ni baridi na jua letu la Desemba na Januari ni kali. Vitu hivyo viwili vikikutana, ekeveria za kijani huanza kuiva rangi. Kwanza ncha za majani zinakuwa nyekundu, kisha kingo, kisha kuna asubuhi unatoka na mswaki mdomoni unakuta mmea mzima umekuwa na rangi ya zambarau iliyochanganyika na waridi, na una unga mweupe juu yake kama poda. Usiuguse huo unga, haurudi. Nilimtumia picha yule wa Mombasa akaniuliza nimepaka nini.

Na kuna ile raha ya jani. Jani moja lililoanguka, ukiliweka juu ya udongo mkavu na ukaliacha, baada ya wiki kadhaa linatoa vizizi vya waridi vyembamba kama uzi, kisha kimea kidogo kama kichwa cha pini. Ndiyo maana sisi tuna tabia ya kutembea tukitazama chini. Kuna jengo moja mjini lenye bustani nzuri mlangoni. Nimeinama pale mara tatu kuokota majani yaliyoanguka, na mara ya tatu mlinzi akaniita. "Kijana, umepoteza nini?" Nikamwonyesha kiganja. Akacheka, akaniambia niokote haraka kabla ya mfagiaji. Theluthi moja ya mimea yangu ilianza hivyo, kwa takataka za watu. Nisikudanganye lakini: okota, usichume.

Hili la kuchuma ndilo lililonifanya niandike.

Miaka miwili iliyopita, mwezi wa Mei, kuna jamaa alikuwa akipita mitaani na mkokoteni wa mishubiri. Si ile midogo ya mikebe. Mikubwa, mizee, majani yenye madoadoa na miiba ya kahawia, mmoja una shina refu kama mkono wangu. Aliniuzia huo kwa shilingi 500. Mizizi ilikuwa imekatwa kwa panga na kati yake kulikuwa na vumbi jekundu na vijiwe. Nilimuuliza ametoa wapi. Akasema, "Huko chini tu, iko mingi." Nami nilijua "huko chini" ni wapi. Kila mtu wa hapa anajua. Nikalipa. Nikapiga picha, watu wakapenda, nikajiona mfalme.

Ulichukua wiki tisa kufa. Mvua ya Mei, baridi ya Juni, na Julai ikaumaliza. Nilijaribu kila kitu: nikautoa kwenye udongo, nikakata palipooza, nikaukausha, nikaupaka majivu. Kila nikikata, uozo uko mbele yangu. Mwishowe nilibaki na fundo la majani manne. Mmea ambao labda ulikuwa na umri kunizidi mimi.

Disemba hiyo nilipanda matatu ya Kabarnet. Kama hujawahi, nenda. Eldoret hadi Iten ni mwendo mfupi, na pale Iten uko mita 2,400 hivi, juu kuliko sisi, na sweta iko juu yako. Kisha ardhi inaisha. Barabara inateremka kwa kona kona kupitia Tambach, na masikio yanaziba, na kila kona unavua kitu. Ukifika Biretwo jasho linatoka. Ukifika Chebloch, pale vijana wanaporuka kutoka kwenye miamba hadi Mto Kerio, uko chini zaidi ya mita elfu moja kutoka ulipopanda gari. Ni nchi nyingine.

Na ni kwao. Ndicho nilichokiona. Mishubiri imeota kwenye mteremko wa mawe, mahali ambapo maji ya mvua hayakai hata dakika tano. Mikonge ya porini imejificha chini ya migunga. Minyaa imefanywa ua la boma, ile ambayo Wakikuyu huiita kariaria, yenye utomvu mweupe unaoweza kukuharibia macho. Hakuna aliyeinyeshea maji. Hakuna aliyeitafutia dirisha. Miaka hii yote nilikuwa nikitazama video za Mexico kujifunza mimea hii inataka nini, na jibu liko nauli moja kutoka stendi.

Karibu na barabara niliona mashimo. Matatu, manne hivi, yamechimbwa kwa pembe moja, na kando yake majani yaliyokatwa yamekauka. Sitakuambia kwamba wangu ulitoka hapo. Sijui. Ila nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyopanga, na yule dereva wa boda aliyenipeleka akaanza kuniuliza kama niko sawa.

Pengine unasema, si ni majani tu. Sikiliza. Mwaka wa 1986 Rais Moi alipiga marufuku uvunaji wa mishubiri ya porini, maana watu walikuwa wakiikata kwa ajili ya utomvu wake wa kuuza nje. Baadaye, 2007, zikaja kanuni za kuruhusu biashara lakini ya mishubiri inayopandwa, chini ya usimamizi wa KWS. Kimataifa, mishubiri karibu yote iko kwenye orodha ya CITES ya mimea ambayo biashara yake inadhibitiwa. Unaoachwa nje ni ule wa kawaida wa vipodozi, *Aloe vera*. Na Kenya tuna aina ambazo hazimei kwingine. Kuna hata mmoja wenye jina la milima yetu, *Aloe cheranganiensis*. Afrika Kusini wameona jinsi mchezo huu unavyoisha: miaka ya karibuni sukulenti wadogo wa jangwani wameng'olewa kwa maelfu wakasafirishwa ng'ambo, kwa sababu mtu fulani aliona picha akapenda.

Mtu fulani kama mimi na mkokoteni ule.

Kwa hivyo siku hizi nauliza kabla ya kununua. Si vigumu kutambua. Mmea uliolelewa kwenye kitalu una mizizi iliyojaza kopo lake, majani yanalingana, hauna makovu. Wa porini ana shina lenye majani makavu ya miaka mingi, mizizi imekatwa butu, na mara nyingi amechunwa upande mmoja na mbuzi. Bei ikiwa ndogo na mmea ni mzee, jiulize ni nani aliyeulea miaka hiyo yote. Na hata kama sheria haikuhusu, pesa zako zinakuhusu: mtoto wa Kerio hataimaliza Julai ya Eldoret nje. Mtakesha naye bure.

Lile fundo la majani manne? Niliweka kwenye mkebe wa kokoto tupu, juu ya friji ya jirani ambako kuna joto. Miezi mitano halikufanya lolote. Mwezi wa sita likatoa mzizi. Sasa ni mmea wa kimo cha kikombe, na pembeni umetoa kitoto.

Sasa turudi kwenye ngazi za ploti. Keateka wetu ni mzee mmoja mkimya ambaye kwa mwaka mzima alinisalimia kwa sentensi moja: "Toa hizo miti zako." Ana haki, ngazi ni za watu. Mimi nilikuwa nasogeza mikebe miwili juu, kesho narudisha mmoja chini. Tukaishi hivyo. Kisha asubuhi moja Machi mwaka huu akabisha mlango, kofia mkononi. Kuku wake walikuwa wanasinzia. Alitaka jani la mshubiri.

Kogo wangu alikuwa akifanya hivyo hivyo: anapasua jani, analiloweka kwenye maji ya kuku. Ni dawa ya bibi zetu sehemu nyingi za nchi hii. Nilimkatia majani mawili ya ule mshubiri wa kawaida, nikamwambia, "Mzee, weka hii, lakini kama ni kideri hapa hamna tiba, utafute chanjo kwa wale waliobaki." Akaitikia kwa kichwa. Wawili walikufa, saba wakabaki, na baada ya wiki nikampata amesimama kwenye ngazi akitazama mikebe yangu. Akauliza ule mwekundu unaitwaje.

Nilidhani vita vimeisha. Lakini keateka si mwenye nyumba. Tangu Eldoret ilipopewa hadhi ya jiji Agosti 15, 2024, naona kila ploti inataka kupakwa rangi upya, na yetu zamu imefika. Wiki iliyopita kulibandikwa karatasi mlangoni: ngazi na vibaraza viwe wazi kufikia mwisho wa mwezi, hakuna vyungu, hakuna majiko, hakuna kamba za nguo. Ni keateka aliyeibandika. Aliponiona nikisoma akasema, "Si mimi, kijana," kisha akaniuliza kama ule wenye kitoto naweza kumwachia yeye, ana dirisha la jikoni.

Nitampa kitoto. Mama nitaenda naye.

Hiyo inabakisha mimea 42 na siku 19. Kama uko Kapsoya, Annex ama hata Kimumu, na unajua ploti yenye bedsita ya kibaraza kinachotazama mashariki, yenye mwenye nyumba asiye na neno na mikebe ya mafuta, nijulishe. Nalipa kwa ekeveria.